Usiisome Barua Moja: Namna ya Kuchambua Safu ya Wasomaji kwa Kazi ya Darasa

Utangulizi

Makala haya yanawahusu wanafunzi wenzangu ambao wamewahi kupewa, au watapewa, kazi ya kuchambua andishi ambalo si riwaya, si tamthiliya wala si diwani. Nazungumzia maandishi mafupi ya watu wa kawaida yanayotoka kwa mfululizo, yenye tarehe, na yenye wasomaji wanaoyajibu. Kwetu Afrika Mashariki mfano wake ulio bora na wa siku nyingi ni safu ya wasomaji katika magazeti ya Kiswahili, yaani zile barua, habari za miji na mashairi ya kujibizana. Wengi wetu tukipewa kazi ya namna hii tunaikimbilia tukidhani ni rahisi. Kipande chenyewe nusu ukurasa, bwana, kitanishinda nini? Kisha alama zikirudi tunatazamana.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Katika semina moja tulitakiwa tuchague barua ya msomaji kutoka gazeti la zamani na kuihakiki. Mimi ni mtu wa Mnyuzi, wilaya ya Korogwe, kwa hiyo nilitafuta barua ya upande wetu nikaipata. Mwandishi wake alikuwa akiishukuru serikali ya kikoloni mwanzo hadi karibu na mwisho. Nilifurahi mno, maana niliona kazi imekwisha. Nikaandika kurasa tano za kumtuhumu marehemu yule kuwa kibaraka mwenye kasumba, asiyetambua kwamba ananyonywa. Dhamira nikaziorodhesha, ujumbe nikautaja, falsafa nikaitaja. Mwalimu alirudisha insha ikiwa na alama ndogo na swali moja pembeni: "Umesoma barua ngapi za safu hii?"

Jibu la kweli lilikuwa moja.

Hoja ya makala haya ni hiyo tu. Barua ya gazetini haichambuliki ikiwa peke yake. Maana yake iko kati ya mwandishi, mhariri na wasomaji wengine, toleo baada ya toleo. Anayekata kipande kimoja na kukihukumu anaweza kumfunga mtu asiye na kosa.

Safu hizi zimetoka wapi?

Kabla ya njia ya kuchambua, tujue tunachambua nini. Magazeti ya Kiswahili yana umri mkubwa kuliko riwaya zetu nyingi za darasani. Wamisionari wa UMCA walikuwa na Msimulizi kule Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Baadaye kidogo walikuwa na Habari za Mwezi huku kwetu Magila, karibu na Muheza. Shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga nayo ilitoa gazeti la Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipoyavuruga mambo. Waingereza walipoichukua Tanganyika, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mwezi Januari 1923. Gazeti hili lilitoka kila mwezi na kusomwa mbali sana. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Kwetu pale Dar es Salaam, gazeti lililomilikiwa na Mwafrika. Gazeti la Uhuru lilikuja 1961.

Tuone jambo moja hapo. Karibu magazeti yote ya mwanzo yalikuwa na mwenyewe mkubwa, ama misheni ama serikali. Lakini kurasa za ndani zilijazwa kwa sehemu kubwa na walimu, makarani na wasomaji wa kawaida walioandika kutoka walikoishi. Reli ya Tanga ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, na Mnyuzi iko katikati ya vituo hivyo viwili. Palipopita reli palipita posta, na palipopita posta gazeti lilifika. Kwa hiyo mtu aliyekaa kando ya shamba la mkonge aliweza kusomwa na mtu wa Tabora au Unguja ambaye hawatakutana maisha. Hilo lilikuwa jambo jipya, na ndilo linalofanya safu hizi ziwe na uzito kwa mwanafunzi wa fasihi.

Ni fasihi au si fasihi?

Wapo wenzetu, na hata baadhi ya walimu, wanaouliza: barua ya kulalamikia kisima inaingiaje katika somo la fasihi? Swali hili ni halali. Mimi najibu kwa mambo mawili.

Kwanza, mpaka kati ya ukurasa wa wasomaji na fasihi yetu "kubwa" haukuwahi kuwa ukuta. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1909, alianza kujulikana kama mshairi kwa mashairi yaliyotoka katika Mambo Leo, ukurasa ule ule waliouandikia watu ambao leo hatuwajui. Barua zake binafsi kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za tangu 1931 hadi 1958, zilihaririwa na Mulokozi zikachapishwa na TUKI mwaka 2002, na leo tunazisoma kama sehemu ya urithi wake. Kama barua za Shaaban ni za kuhakikiwa, basi kanuni ya kuhakiki barua ipo. Tusiwanyime wengine kwa kuwa hawana jina.

Pili, maandishi haya yana fani. Mtu anayeandika akijua kwamba bwana shauri atasoma, jirani atasoma na mhariri anaweza kukata, hawezi kusema kila kitu wazi. Atapanga, atazunguka, ataficha. Tunalijua vizuri shairi la Saadani Kandoro la siafu wanaoungana kumtoa nyoka nyumbani kwao, na namna wasomaji walivyolielewa kuwa fumbo la wananchi na mtawala. Ujanja huo haukuwa wa Kandoro peke yake. Kwa kipimo kidogo, hata mwandishi wa barua ya kisima anao.

Mfano wa mazoezi

Sasa basi, tufanye kazi. Ili nisimsingizie mtu yeyote aliyewahi kuandika, barua zifuatazo nimezitunga mwenyewe kwa mazoezi tu, kwa kufuata adabu ya barua za aina ile. Tuseme ya kwanza ilitoka katika toleo la mwezi fulani:

"Bwana Mhariri, naomba nafasi ndogo katika gazeti lako nipate kutoa shukrani. Sisi watu wa Mnyuzi tunashukuru sana kwa kisima tulichochimbiwa karibu na stesheni. Maji yake ni meupe na baridi. Wake zetu sasa hawaendi mbali. Ila jambo moja tu latutatiza, kamba ya ndoo imekatika tangu Ramadhani, na bwana mwenye kamba yuko Korogwe. Ni mimi, Msafiri, Mnyuzi."

Miezi miwili baadaye ikatoka ya pili:

"Bwana Mhariri, nimeisoma barua ya Msafiri. Huyo ni msafiri kweli, maana hakai Mnyuzi. Sisi wenyeji twajua kamba hukatika kwa kuwa watu huteka maji usiku. Asitutie aibu mbele ya watu wa Tanga na Unguja. Ni mimi, Mwenyeji, Mnyuzi."

Na chini yake maneno ya mhariri: "Mabishano haya sasa yamekwisha."

Hatua za uchambuzi

1. Soma mfululizo kwanza, kipande baadaye. Kabla hujaandika neno, soma matoleo kadhaa ya nyuma na ya mbele. Mimi sasa najiwekea kanuni ya matoleo sita. Utagundua kipi ni mazoea ya safu na kipi ni cha mwandishi mwenyewe. Kama kila barua katika safu hiyo inaanza kwa "naomba nafasi ndogo", basi unyenyekevu huo ni mlango tu, kila mtu anaupitia. Usiandike kwamba mwandishi ni mtu mnyenyekevu. Hapo ndipo nilipoteleza mimi: niliichukua shukrani kuwa imani ya mtu, kumbe ilikuwa hodi.

2. Tenga mwandishi na nafsi inayosema. Tumezoea kufanya hivi katika ushairi, lakini tukifika kwenye barua tunasahau. "Msafiri" ni jina la kalamu. Na huyu "mimi" wake anageuka "sisi" katika sentensi ya pili tu. Nani amempa ruhusa ya kuwa "sisi"? Mwenyeji anaishambulia ruhusa hiyo hiyo, na anaishambulia kwa ujanja: analichukua jina la kalamu kama neno la kawaida na kusema huyu ni msafiri kweli.

Jambo hili nililielewa nyumbani kuliko darasani. Wakati wa likizo nilimweleza babu habari za ile insha iliyonitia aibu. Babu alikuwa karani wa shamba la mkonge, na watu walikuwa wakimfuata jioni awaandikie barua kwa wakubwa. Nikamuuliza, "Babu, katika barua hizo ulikuwa unasema 'mimi' ukiwa nani?" Akacheka. "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa mkono tu. Mdomo ulikuwa wa mwenye shida." Kisha akaongeza kwamba mtu akija amekasirika, humwachia kwanza amalize hasira, halafu huanza kuandika asante. Nilinyamaza. Yule marehemu niliyemwita kibaraka, huenda hata kalamu haikuwa yake.

3. Hesabu wasikilizaji. Barua ya gazetini haina msikilizaji mmoja. Msafiri anamwita Bwana Mhariri, lakini mhariri hana kamba. Anayelengwa ni "bwana mwenye kamba" wa Korogwe, ambaye hatajwi jina wala cheo. Wa tatu ni umma wa wasomaji, ambao kuwepo kwao ndiko kunamtia bwana yule presha. Kwa hiyo barua inapita juu ya kichwa cha mtu mmoja ili imfikie kwa nyuma. Andika wazi katika insha yako: anayeitwa ni nani, anayelengwa ni nani, na anayeshuhudia ni nani.

4. Fuata mpangilio wa sentensi. Hapa ndipo penye fani, wala usiridhike kusema "mwandishi ametumia lugha nyepesi". Barua ya Msafiri ina sentensi tano ukiacha sahihi. Nne ni za shukrani, moja ya lalamiko, nayo imeletwa kwa maneno "jambo moja tu" kana kwamba ni dogo. Lakini ebu tazama sentensi ya nne na ya tano kwa pamoja. Ya nne inasema wake zetu sasa hawaendi mbali. Ya tano inasema kamba imekatika tangu Ramadhani. Kisima kisicho na kamba hakitoi maji. Basi wake zao wanaenda mbali kama zamani, na sentensi ya tano imeifuta ya nne bila kupandisha sauti. Mwandishi hakusema serikali imeshindwa. Ametuachia sisi tujumlishe. Na neno "Ramadhani" linamwezesha msomaji kuhesabu miezi mwenyewe kwa kutazama tarehe ya toleo.

5. Tafuta mkono wa mhariri. Mhariri huchagua, hukata, huweka kichwa cha habari na huamua kipi kikae jirani na kipi. Katika mfano wetu ameruhusu lalamiko, ameruhusu jibu linalomshushia hadhi mlalamikaji, kisha amefunga mlango. Neno la mwisho likabaki kwa Mwenyeji. Je, Msafiri alijibu? Hatuwezi kujua kwa kukisoma kipande hicho, lakini tunaweza kusema kwa uhakika kwamba ukurasa haukumpa nafasi. Hiyo nayo ni maana, na imetengenezwa na mtu ambaye hakuandika barua yoyote kati ya hizo mbili.

6. Uliza nani hayupo. Ugomvi wote huu ni wa maji, na wanaoyateka ni wanawake. Wametajwa mara moja, kwa maneno "wake zetu", na hawasemi kitu. Mwenyeji naye anasema "watu huteka maji usiku". Watu gani, na kwa nini usiku? Anataka kuwalaumu, lakini bila kukusudia ametuonyesha kwamba mchana maji hayatoshi. Kimya katika andishi kina ushahidi wake, mradi ukionyeshe ndani ya maneno yaliyopo na si kukizua kichwani.

7. Heshimu lugha ya wakati wake. "Twajua" na "latutatiza" si makosa. Usanifishaji wa Kiswahili ulipata chombo chake rasmi mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na hata baada ya hapo watu waliendelea kuandika kwa lahaja na mazoea ya kwao. Hata majina ya mahali hubadilika: Mnyuzi utaikuta imeandikwa Mnyusi katika maandishi mengi ya reli. Anayetafuta kwa tahajia moja tu atarudi mikono mitupu, akidhani kwetu hakukuwa na waandishi.

Kutoka uchambuzi hadi insha

Tuseme ukweli, wengi wetu tunajua kuona mambo haya lakini tukikaa kuandika tunarudi kusimulia. Tofauti iko kwenye kauli kuu ya insha. Kauli mbovu ni kama hii: "Barua hii inahusu tatizo la maji Mnyuzi." Hiyo haina ubishi, na jambo lisilobishika halihitaji kurasa tano. Kauli inayofaa ni kama hii: "Ingawa barua mbili hizi zinabishana juu ya kamba, mgogoro wao wa kweli ni nani ana haki ya kuisemea Mnyuzi mbele ya wageni, na mhariri anauamua kwa kuufunga." Hapo mtu anaweza kukubishia, na wewe unalazimika kuleta ushahidi: "sisi" ya Msafiri, mchezo wa jina la kalamu, neno "aibu", na yale maneno ya mhariri.

Kwa insha ya kurasa tano, ugawaji huu umenisaidia. Nusu ukurasa utangulize gazeti, mwaka wake na mmiliki wake. Nusu nyingine ueleze mazoea ya safu kwa kutaja matoleo uliyosoma. Kurasa tatu ziwe za uchambuzi wa maneno yenyewe. Ukurasa wa mwisho useme uchambuzi huo unabadilisha nini katika namna tulivyokuwa tukiyafikiria maandishi ya aina hiyo. Wasifu wa gazeti ukikumaliza kurasa mbili, ujue umeanza kukimbia kazi. Kwa wanaotafuta magazeti yenyewe, sehemu ya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni pa kuanzia.

Naomba pia tujihadhari na kosa la upande wa pili. Nilipotoka kwenye "kila anayeshukuru ni kibaraka" nilitaka kukimbilia "kila anayeshukuru ni mpinzani wa siri". Hiyo nayo ni hukumu ya kipande kimoja. Wapo walioshukuru kwa sababu walishukuru kweli. Kinachowatofautisha ni ushahidi wa mfululizo: shukrani inafuatwa na nini, inarudiwa mara ngapi, na imewekwa mbele ya lalamiko gani. Bila hayo, mhakiki anajisifu tu kwa kupambana na mtu aliyekufa, ambaye hawezi kuleta jibu.

Hitimisho

Fani na maudhui tulivyofundishwa bado vinatufaa, ila kwa maandishi haya tuviongezee maswali matatu: kabla yake kulikuwa na nini, nani alikiruhusu kutoka, na nani alijibu au alinyimwa nafasi ya kujibu. Mhakiki anayeyauliza atakuwa mwangalifu zaidi na watu waliotutangulia, wengi wao wakiwa babu na bibi zetu, walioandika mahali ambapo neno moja baya lingeweza kumpotezea mtu kazi.

Ile insha yangu niliirudia upya. Sikupewa alama nyingine, maana kazi ilikuwa imeshafungwa. Safari hii nilisoma matoleo sita, na katika toleo la nne nikamkuta tena mwandishi wangu yule yule, kwa jina lile lile la kalamu. Alikuwa bado anashukuru, na bado anadai kitu kile kile.

Wenye mawazo tofauti na wayalete katika toleo lijalo. Tunamwomba tu mhariri wetu asiwahi kusema mabishano haya sasa yamekwisha.